Wati za Lebo na Wati za Mizani

Likizo iliyopita nilifika Nachingwea nikamkuta mjomba barazani, sanduku la amplifaya limefunuliwa mbele yake, na harufu ya vanishi iliyoungua bado imo ndani ya nyumba ingawa ilikuwa siku ya tatu. Nikamwamkia. "Marahaba, Mwalimu," akaitika. Tangu nichaguliwe kusoma ualimu ameliacha kabisa jina langu. "Umekuja wakati mzuri. Hebu niambie, kitu cha wati elfu moja kinaunguaje kwa spika nne?"

Mjomba anakodisha muziki. Huku kwetu, Nachingwea na Ruangwa, ni nchi ya jando na unyago, na siku wali wanapotoka, ngoma hupigwa mchana, kisha usiku muziki wa spika hukesha. Amplifaya yake hakuinunua dukani. Waliitengeneza yeye na fundi mmoja wa mtaani: bodi mbili za transista za wati 200 kila moja, sanduku la bati, feni ya kompyuta iliyokufa, na transfoma aliyoinunua kwa fedha ya mnada wa kwanza wa korosho. Ubavuni pa transfoma palibandikwa karatasi: 1000W. Ilidumu saa nne. Saa nane usiku, katikati ya singeli, ikaanza kutoa moshi, na watu wakadhani ni mbwembwe za muziki wakashangilia. Mjomba alirudisha fedha yote ya wenye sherehe, maana huwezi kumwambia mzazi kwamba wali wake watoke tena wiki ijayo.

Swali lake lilinishinda, na ndiyo sababu naandika. Nasoma ualimu wa fizikia na hisabati. Somo la transfoma nimelifundisha kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha nne, ubaoni, kwa ujasiri wote: uwiano wa volti ni sawa na uwiano wa mizunguko ya waya. Wanafunzi walikokotoa wakapata. Lakini kanuni ile, ukiitazama vizuri, haisemi chochote kuhusu ukubwa wa kitu chenyewe. Kwa kanuni ile, transfoma ya saizi ya kiberiti inayoshusha volti 230 kuwa 45 ni sawasawa na ya kilo 8 inayofanya hivyohivyo. Yaani nilikuwa nimefundisha nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo iliyoungua kwa mjomba.

Tukaanza upya, mimi na yeye, na tulianzia mwisho: kwenye spika.

Spika ya omu 8 ikipewa wati 200 halisi inahitaji volti kiasi gani? Wati ni kilele cha volti kipeo cha pili, ugawe kwa mara mbili ya omu. Geuza: 200 mara 2 mara 8 ni 3,200, kipeuo chake cha pili ni 56.6. Kwa hiyo wimbi la sauti linapanda hadi volti 56.6 juu ya sifuri na kushuka hivyohivyo chini yake. Transista zenyewe hula kama volti 4 njiani, na kapasita hushuka kidogo kila mara zinapomiminwa. Tuseme basi tunataka kama volti 62 za DC kila upande, chanya na hasi, wakati mzigo uko juu. Daraja la dayodi nalo linakula karibu 2. Jumla 64. Kilele cha AC ni mara 1.414 ya volti inayosomwa kwenye mita, kwa hiyo 64 gawa kwa 1.414 unapata 45. Ndiyo transfoma ya 45-0-45: waya wa katikati ni sifuri, na kila pembeni volti 45.

Hapo mjomba akacheka. "Si ndiyo hiyohiyo niliyonunua!" Kweli, volti zake zilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana muziki ulipiga vizuri saa ya kwanza, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema. Transfoma ndogo mno haikatai kazi. Inakubali, halafu inachemka.

Sasa swali la pili, ambalo karatasi ya ubavuni ilidai kulijibu. Ukubwa wa transfoma hupimwa kwa volti-ampea, VA, na siyo kwa wati za spika. Hesabu yake siyo ngumu, ila ina hatua moja ambayo wengi huiruka. Kila chaneli ikitoa wati 200 mfululizo, kilele cha ampea ni 56.6 gawa kwa 8, yaani 7.1. Kila upande wa saplai unafanya kazi nusu ya wakati, hivyo wastani wake ni kilele gawa kwa pai, kama ampea 2.25. Zidisha kwa volti 124 za pande zote mbili: wati 279 zinaingia ili 200 zitoke, zilizobaki ni joto la transista. Chaneli mbili, wati 558. Na hatua inayorukwa ni hii: kapasita hazivuti umeme kwa utulivu, zinaudaka kwa vipande vifupi kileleni mwa kila wimbi. Vipande hivyo vifupi na vikali huchemsha waya kuliko wastani unavyoonyesha. Gawa kwa 0.65 hivi, ukitaka namba ya kufanyia kazi. Inafika karibu VA 860.

Msiogope, muziki si mluzi wa mfululizo. Muziki wa kawaida wa nyumbani, wenye kupanda na kushuka, wastani wake ni kama sehemu ya nane ya wati za juu; hesabu ileile inakupa VA 300 kwa chaneli mbili. Ila muziki wa kukesha siyo wa nyumbani. Singeli imebanwa, besi haipumziki, na DJ ameshapandisha kitufe mpaka mwisho. Chukua theluthi moja. Kilele cha ampea kinashuka hadi 4.1, wastani 1.3 kila upande, wati 161 kwa chaneli, 322 kwa zote, gawa kwa 0.65: karibu VA 500. Hii ndiyo namba ya mjomba, na ni namba ya omu 8. Ukiongeza spika ya pili sambamba na ya kwanza kwenye chaneli moja unakuwa na omu 4, ampea zinakuwa mara mbili na VA pia mara mbili. Mjomba alikuwa na spika nne kwenye chaneli mbili. Hesabuni wenyewe.

Sasa tufanye ambacho mnunuzi anaweza kufanya akiwa dukani, bila mita wala digrii. Chuma hakidanganyi. Kadiri VA zinavyoongezeka, ndivyo kiini cha chuma kinavyotakiwa kuwa kinene, na kuna kanuni ya zamani ya mafundi kwa transfoma za mraba, zile za vibati vilivyopangwa: eneo la ulimi wa katikati, ule unaopita ndani ya koili, kwa sentimita za mraba, ni mara 1.1 ya kipeuo cha pili cha VA. Ulimi wenyewe umefichwa na waya, lakini kwa vibati vya kawaida upana wake ni theluthi moja ya urefu wa upande mrefu wa kibati. Tulichukua rula. Transfoma ya mjomba ilikuwa na ulimi wa sm 3.2 na unene wa vibati sm 4. Eneo 12.8. Gawa kwa 1.1, zidisha jibu kwa lenyewe: VA 135. Hiyo ndiyo "1000W" yake. Tukaipeleka kwa jirani mwenye duka akatupimia kwenye mizani ya mchele, ikasoma kilo mbili na robo. Transfoma ya mraba ya VA 500 huwa na uzito wa karibu kilo 8. Zile za duara, zenye umbo la tairi dogo, ni nyepesi zaidi kwa kuwa chuma chake kinatumika vizuri, lakini hata hizo VA 500 ni kilo 4 na zaidi.

Nachingwea, kama mnavyojua, si mji mgeni wa hasara za karatasini. Waingereza walikuja hapa mwaka 1947 na mpango wa karanga uliopendeza sana kwenye hesabu za London. Kufika 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na miaka ya 1960 hata reli ya kutoka Mtwara ikang'olewa. Mjomba mwenyewe ndiye aliyefananisha, mimi nimeandika tu.

Kipimo kingine cha bure ni fyuzi. Ukiona redio kubwa imeandikwa wati 5,000 mgongoni, na pembeni ya waya wa umeme pameandikwa fyuzi ya ampea 3, zidisha: 230 mara 3 ni 690. Kitu hakiwezi kutoa wati kilichokosa njia ya kuziingiza. Ningekuwa na darasa kesho, ningeanza na hili kabla ya kugusa uwiano wa mizunguko.

Halafu waya. Transfoma nyingi za bei rahisi siku hizi zimesukwa kwa aluminiamu iliyopakwa vanishi nyekundu ionekane kopa. Aluminiamu inazuia umeme mara 1.6 zaidi, hivyo kwa unene uleule inachemka zaidi. Kwaruza ncha kwa wembe: ndani ikiwa nyeupe, umeshajua. Ukikosa wembe jaribu solda, kwenye aluminiamu inateleza kama maji kwenye jani la mgomba.

Tukapanda pikipiki kwenda Ruangwa, kwa fundi anayesuka mota za mashine za kusaga. Namsifu bila kumtaja. Alikuwa na kiini kikubwa kilichotoka kwenye stabilaiza iliyokufa: ulimi sm 5, unene sm 5, eneo 25. Rudi kwenye kanuni: 25 gawa kwa 1.1, zidisha kwa lenyewe, VA 516. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Fundi hakuandika kitu. Alisema tu "arobaini na tano gawa kwa eneo," akakaa kimya, akasema "moja nukta nane." Mizunguko 1.8 kwa kila volti. Usiku ule nikaikagua kwa kanuni ya chuo, ile yenye 4.44 mara masafa mara wingi wa sumaku mara eneo, nikakuta 45 yake ina maana ya tesla 1.0 kamili kwenye umeme wa hezi 50. Mzee huyu hajawahi kusikia neno tesla. Chuma cha kisasa kinavumilia zaidi ya hapo, kwa hiyo amejiachia nafasi, na nafasi hiyo ina kazi yake huku kwetu, nitaieleza.

Upande wa kuingilia: 230 mara 1.8, mizunguko 414. Upande wa kutoka: 45 mara 1.8 ni 81, akaongeza asilimia 5 ya kufidia upotevu wa mzigo, 85 kila pembeni. Unene wa waya tuliupata kwa ampea zisizozidi 3 kwa milimita moja ya mraba: kuingilia ampea 2.2, waya wa mm 1.0, kutoka ampea 5.6, waya wa mm 1.6. Waya wa kopa ndio uliomeza fedha, si kazi yake. Nilipomuuliza kwa nini asipunguze mizunguko ili waya utoshe mapema, akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. "Ukipunguza, italia hata bila mzigo."

Nafasi ile sasa. Umeme wetu wa mwisho wa laini hautulii kwenye 230. Jioni watu wote wakiwasha, unaweza kupima 195. Usiku wa manane ukapima 250. Na kijiji kisicho na umeme kinatumia jenereta, ambayo mwenyewe ameipunguzia kasi ili kubana petroli, hivyo hezi 50 zinakuwa 45, na chuma kinabeba sumaku zaidi kwa volti zilezile. Transfoma iliyosukwa kwa kubana itanguruma na kuchemka hata kabla spika haijaunganishwa. Kwa sababu hiyohiyo, jihadhari na transfoma iliyotoka kwenye vyombo vya Marekani, ya hezi 60. Kwenye umeme wetu chuma chake kinabeba asilimia 20 zaidi ya kilichopangiwa.

Volti za usiku zinagusa kapasita pia. Bila mzigo, 45 yetu inasoma kama 47. Umeme ukipanda hadi 250 inakuwa 51, na kilele chake ni volti 72. Ukiwa umeweka kapasita za volti 63, ambazo ndizo nyingi madukani, zitavimba kabla ya alfajiri. Weka za volti 100. Upande wa chini, kwenye 195, hesabu inakupa wati 144 badala ya 200, na hapa mafundi wengi hukosea: huongeza mizunguko ya kutoka "kufidia", halafu usiku volti zinapanda na bodi inakufa. Tofauti ya wati 200 na 144 ni desibeli 1.4 tu. Wachezaji hawataisikia.

Kuna wanaouliza, kwa nini msichukue transfoma ya UPS ya zamani? Inawezekana kwa kujifunzia, lakini zile zimepangwa kubeba mzigo kwa dakika chache hadi betri iishe, si hadi asubuhi, na volti zake kwa kawaida ni chache mno kwa kazi hii. Ya maikrowevu usiiguse kabisa. Inatoa volti 2,000 hivi na ampea za kutosha kuua mtu mara moja, na haina matumizi yoyote kwenye amplifaya. Saplai nyepesi za kisasa, zisizo na transfoma kubwa, ni nzuri, sikatai, ila ikifa Nachingwea imekufa. Hakuna wa kuisuka.

Kabla ya kuamini, tuliipima. Hapa mjomba alinizidi akili. Mzigo wa VA 500 tungeutoa wapi? Akaenda kwa dereva wa lori la korosho, akarudi na balbu nane za taa kubwa za lori, volti 24, wati 70. Mbili mfululizo zinabeba 48, kwa hiyo kwenye 45 ziko salama. Jozi mbili kwa kila pembeni. Kwa volti hizo kila balbu inakula kama wati 63, nane zinafika 500 na kidogo tu. Tukaziwasha uani jioni, watoto wakajaa kama kwenye sinema.

Kuweka mkono juu ya chuma hakutoshi, ndani ya koili kuna joto zaidi. Kopa inaongeza ukinzani asilimia 0.39 kwa kila digrii, basi waya wenyewe ndio kipimajoto. Gusisha kwanza ncha mbili za mita uone inasoma ngapi (yangu 0.3), toa hiyo kila mara. Upande wa kuingilia ulisoma omu 2.4 ukiwa baridi. Baada ya saa mbili tukachomoa umeme ukutani, tukapima tena upesi: 2.8. Ongezeko la asilimia 16.7, gawa kwa 0.39, digrii 43 juu ya joto la jioni ile. Tuseme koili ilikuwa kwenye sabini na kitu. Vanishi ya waya wa kawaida inavumilia hayo bila shida.

Wakati wa kufunga kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyapita. Waya wa udongo ufungwe kwenye bati la sanduku kwa skurubu yake peke yake, maana mshika maikrofoni amesimama peku kwenye ardhi yenye umande. Na baada ya kuzima, kati ya pande mbili za saplai bado kuna volti 130 za DC zimekaa kwenye kapasita zikisubiri bisibisi yako. Ziunganishe na balbu mbili za kawaida mfululizo mpaka zififie, ndipo ushike. Fyuzi ya kuingilia tuliweka ya ampea 4, ile ya kuchelewa, kwa sababu transfoma kubwa inavuta kwa nguvu sekunde ya kwanza na fyuzi ya haraka ingekatika bure. Kwa wenye transfoma ya duara: bolti ya katikati isiguse sanduku juu na chini kwa pamoja. Ikigusa inakuwa mzunguko mmoja wa waya ulioshonwa shoti, na fyuzi itakwambia.

Amplifaya imeshakesha sherehe mbili Nachingwea na moja ng'ambo ya Ruangwa. Karatasi ya zamani mjomba aliibandua, akaandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: VA 500, KILO 8, OMU 8 TU. Wiki iliyopita amenipigia simu chuoni. Salamu fupi, kisha: "Mwalimu, nikirudisha zile spika nne?"

Nikamwambia omu 4, VA 1,000, kipeuo chake 31.6 mara 1.1. Atafute kiini cha sentimita za mraba 35, na bodi zenye transista mara mbili. Akanyamaza kidogo. "Basi tusubiri korosho," akasema.